Ngazi, Bango na Lugha ya Anayepanda

Neno ngazi limebahatika katika Kiswahili. Tuna ngazi ya mshahara, ngazi ya elimu, ngazi ya wilaya na ngazi ya taifa. Wahenga nao walituachia methali kwamba mpanda ngazi hushuka, na sisi walimu tumeifundisha miaka yote kama onyo kwa wenye kiburi. Sijapata kumsikia mwanafunzi akiuliza ngazi hiyo ilitengenezwa kwa mti gani, iliegemezwa wapi, na huyo mpandaji alishuka kwa namna gani. Leo nataka kuizungumzia ngazi yenyewe: miti miwili mirefu iliyounganishwa kwa vipande vya mbao na misumari, ikaegemezwa kwenye ukuta wa darasa ambalo bado halijaezekwa. Nitazungumzia pia maandishi yanayopaswa kuwekwa karibu nayo, na watu ambao maandishi hayo yanawahusu bila kuwasemesha.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Rukwa. Shule zinapofungwa mwezi Desemba huvuka mpaka pale Kasesya, nikapita Mbala, Kasama, Luwingu na Mansa, nikaelekea kaskazini tena mpaka Nchelenge, alikoolewa dada yangu. Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, nchini Zambia, kando ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, yenye miji ya Kilwa na Pweto. Watu wa Nchelenge husema Kibemba, na ofisi huandika Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya nchi. Lakini ukishuka sokoni Kashikishi, mahali mitumbwi inapopakua samaki, utasikia Kiswahili pia: cha wachuuzi wa Kongo, na cha watu wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, iliyofunguliwa mwaka 2018 katika wilaya hiyo hiyo. Hili si jambo jipya. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikifika kwa Mwata Kazembe, kusini kidogo ya hapo, tangu karne ya 19.

Miaka hii Nchelenge inajengwa. Atakayetaka kujua sababu na atazame Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao kila mtu huko huuita CDF. Mwaka 2021 kila jimbo la Zambia lilitengewa kwacha milioni 1.6, mwaka 2022 kiasi hicho kilipandishwa hadi milioni 25.7, na kimeendelea kuongezeka. Mwaka huo huo wa 2022 serikali ilifuta ada katika shule zake, watoto wakafurika, na madarasa yakahitajika kuliko wakati wowote. Fedha hizo zimekuwa madarasa, mabweni, nyumba za walimu, zahanati na madawati. Ni jambo la kusifiwa, nami nalisifu. Kazi nyingi hupewa makandarasi wadogo wa hapo hapo, na hilo nalo ni jema, kwa kuwa fedha inabaki wilayani. Ila mkandarasi mdogo huja na vifaa vidogo. Chuma cha majukwaa ni ghali kukikodi na ni mbali kukisafirisha. Miti ipo porini, na misumari ipo dukani.

Vibarua nao huwa tele mwezi huo, na sababu yake ni samaki. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane. Mvuvi aliyezoea kurudi alfajiri na mapale au chisense hukaa miezi mitatu akiitazama nyavu yake ikining'inia. Wengine hulima. Wengine huenda mahali panapojengwa, wakapewa karai. Shemeji yangu ni mmoja wao. Hawa ni watu waliosimama ndani ya mtumbwi wenye upana wa mikono miwili, katikati ya mawimbi, tangu wakiwa na miaka kumi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba ngazi ni hatari, atakutazama kwa huruma. Mizani ya mwili anayo, ameirithi. Jambo asilolijua ni kwamba mtumbwi hukuonya kabla haujapinduka, ilhali kipandio kilichooza ndani hakitoi onyo lolote. Na Desemba ni mwezi wa mvua: miti imelowa, udongo unateleza, na nyayo za vibarua zimepakwa tope.

Nilifika mahali palipokuwa pakijengwa darasa, katika shule ambayo sitaitaja, kumpelekea shemeji chakula cha mchana. Kulikuwa na mabango mawili. La kwanza lilisimama barabarani juu ya nguzo mbili za chuma, limepakwa rangi nyeupe, na herufi zake zingesomeka kutoka upande wa pili wa uwanja. Lilitaja jina la mradi, jimbo, mkandarasi, chanzo cha fedha na muda wa kumaliza. Sina neno na bango hilo. Mwananchi ana haki ya kujua fedha yake inafanya nini, na bango la mradi ni somo la uraia lililowekwa hadharani. La pili lilikuwa kipande cha boksi kilichofungwa kwa kamba kwenye mguu wa ngazi moja kati ya tatu. Mtu alikuwa ameandika juu yake, kwa kalamu ya wino na kwa Kiingereza, maneno ya kusema kwamba ngazi hiyo ni mbovu na isitumike. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Wino ulikuwa umekuwa mawingu ya buluu, na boksi limejikunja kama jani kavu.

Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe na fundi mkuu, mzee ambaye vijana wote walimwita bashikulu, yaani babu, kwa heshima ya Kibemba. Ghafla zikapigwa kelele kutoka upande wa ukuta: “Apona! Apona!”

Sikio la Mswahili likisikia neno hilo huelewa kwamba kuna mgonjwa amepata nafuu. Katika Kibemba ukupona ni kuanguka.

Kijana aliyeanguka alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, mtu wa Pweto, aliyevuka ziwa kumfuata mjomba wake. Hiyo ilikuwa siku yake ya pili kazini. Alikuwa amebeba karai la zege begani, mkono mmoja ukiwa juu ya karai na mwingine kwenye ngazi, na kipandio cha tatu kutoka juu kikamkatikia. Alishuka kimo cha mita tatu hivi, akatua kwa kisigino kimoja. Nilipomfikia nilimsemesha kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, akiuliza kama karai limempiga mtu. Baadaye, tukiwa tumembeba kwenye toroli kuelekea barabarani kutafuta gari, nilimwuliza kama aliliona lile boksi. Aliliona. Alidhani limefungwa pale ili ngazi isiteleze.

Tafakari jibu hilo, msomaji wangu. Darasani alisoma Kifaransa, miaka michache tu. Nyumbani na sokoni husema Kiswahili. Kibemba alikuwa anaanza kukizoea. Katika lugha tatu alizokuwa na chochote ndani yake, Kiingereza hakikuwamo. Hata kama mvua isingenyesha, hata kama herufi zingekuwa kubwa kama zile za barabarani, kwake zingekuwa michoro. Aliyeandika hakukosa nia njema. Aligundua ubovu, akatafuta kalamu, akaandika. Lakini aliandika kwa lugha ambayo mabango huandikwa, hakuandika kwa lugha ya mtu atakayepanda. Alimwandikia mkaguzi, nami nadhani hata yeye mwenyewe hakujua kwamba anamwandikia mkaguzi. Sisi tuliosoma tunao ugonjwa huu kwa kiwango kikubwa: jambo likiwa zito, tunalipandisha lugha, kana kwamba uzito wake utashuka tukilitaja kwa maneno ya nyumbani.

Na tusidhani kwamba sisi wa Tanzania, kwa kuwa mabango yetu mengi ni ya Kiswahili, tumeokoka. Kuna Kiswahili cha bango ambacho nacho ni lugha ya kigeni. “Hairuhusiwi kwa mtu yeyote asiyehusika kutumia kifaa hiki bila idhini.” Hebu mpe sentensi hiyo mtu mwenye karai begani na jasho machoni. Ataanza na hai-, atafute nani haruhusu. Atafika kwenye asiyehusika, ajiulize kama yeye anahusika. Akifika kwenye idhini atakuwa ameshafika kipandio cha nne. Kiswahili kina kitenzi cha amri kilichokamilika ndani ya neno moja: Usipande. Kiambishi cha kukanusha kiko karibu na mwanzo, mara tu baada ya kiambishi cha nafsi, mahali jicho linapotua mapema. Kibemba nacho kina neno la namna hiyo, mwinina, maana yake msipande. Na kina cenjeleni, jihadharini. Wakongo wana angalisho. Nguzo za umeme za kwetu zimefanya kazi miaka mingi kwa neno moja, Hatari, na fuvu la kichwa. Sijamwona mtoto aliyehitaji kufafanuliwa.

Fuvu linanikumbusha picha, kwa maana wapo watakaosema kwamba dawa ya lugha nyingi ni kuacha maneno kabisa. Dunia imekubaliana juu ya alama za usalama, nazo ni nzuri: duara jekundu lenye mstari wa mshazari hukataza, pembetatu ya njano huonya, duara la buluu huamuru, na kijani huonyesha njia ya salama. Jioni moja niliichora kwenye daftari ile pembetatu yenye mtu anayeanguka, nikawaonyesha vibarua watano pale Kashikishi. Wawili walisema ni mtu anaanguka. Mmoja alisema anacheza ngoma. Mmoja alisema anaogelea, na kwa mtu wa ziwani hilo ni jibu la akili kabisa. Wa tano alicheka tu. Picha nayo ni lugha, na lugha hufundishwa. Dakika tano za asubuhi, kabla karai la kwanza halijanyanyuliwa, zinatosha: hii ni nyekundu, maana yake acha, hii ni njano, maana yake angalia.

Bashikulu alikuwa na wazo lake kuhusu bango, na naliona bora kuliko langu. Jioni ya siku ile ile alichukua msumeno akaikata ngazi mbovu vipande vinne, akawapa akina mama waliokuwa wakipika uji wa wafanyakazi. “Bakafundisha,” aliniambia, kwa maana hivyo ndivyo mwalimu anavyoitwa huko, “ngazi mbovu haiandikwi. Inachomwa.” Alisema kwa Kibemba, shemeji akanitafsiria, lakini nilikuwa nimeshaelewa kwa kuutazama msumeno.

Tuliketi tukazitazama zile ngazi mbili zilizobaki, naye akanieleza mambo ambayo vijana wengi wanaofanya kazi hiyo hawajaelezwa. Kwanza, misumari. Kipandio kilichopigiliwa tu juu ya mti kinabebwa na msumari peke yake, na msumari katika mbao iliyolowa na kukauka mara kumi hulegea kama jino. Kipandio kinapaswa kukatiwa nafasi ndani ya miti ya pembeni, kikae humo, ndipo kifungwe. Kanuni za ujenzi za Uingereza za mwaka 1966 zilikataza kabisa ngazi ambayo kipandio chake kinategemea misumari tu; bashikulu hakuzisoma, alijifunza kwa mkono wa kushoto ambao hauinuki vizuri. Pili, rangi. Vijana walikuwa wameipaka ngazi moja rangi iliyobaki kutoka kwenye bango la barabarani, ipendeze. Aliwagombeza, kwa sababu rangi huziba nyufa, na ufa usioonekana ndio unaoua. Mafuta yasiyo na rangi ni sawa. Tatu, mwinamo: ngazi ikigusa ukuta kwa kimo cha mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Ikisimama wima zaidi humwangusha mtu kwa nyuma. Ikilala zaidi, miguu hukimbia. Ncha yake ipite ukingo wa ukuta kwa mita 1 hivi, ili anayetoka juu awe na kitu cha kushika, na ifungwe kwa kamba huko huko juu.

Hayo mengine ni madogo, ila la karai si dogo. Anayepanda anahitaji viungo vitatu vishike ngazi wakati wote, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Mwenye karai begani hana hesabu hiyo. Kapi moja, kamba na ndoo vingelipandisha zege bila mtu kulibeba, na kwa bei isiyofika hata bei ya lile bango la barabarani. Tena ngazi ni njia ya kupita. Haikutengenezwa kusimamiwa kutwa nzima mtu akipiga lipu. Kazi ya kutwa hutaka jukwaa.

Mahali pale palikuwa shule. Watoto walikuwa likizo, lakini mtoto wa Nchelenge hana mahali pengine pa kuchezea isipokuwa uwanja wa shule. Kila jioni mafundi waliondoka na kuziacha ngazi zimeegemea ukutani, na kila jioni niliwaona watoto wa miaka sita wakipanda kutazama ziwa kutoka juu ya linta. Hakuna bango litakalomzuia mtoto wa miaka sita. Ngazi ilazwe chini, ifungwe kwa mnyororo. Nililisema hilo, na kwa siku nilizobaki pale zililazwa.

Wako watakaoniuliza, mwalimu wa Kiswahili anahusikaje na ngazi za Zambia? Nahusika kwa sababu sheria iko, na tatizo limekaa katika lugha. Zambia ina Sheria ya Afya na Usalama Kazini, Namba 36 ya mwaka 2010, kama sisi tulivyo na Sheria Namba 5 ya mwaka 2003, na Kenya ilivyo na yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya usalama. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi kabisa za mfanyakazi, pamoja na uhuru wa kujiunga na chama na kutotumikishwa kwa nguvu. Sasa, maelezo ni nini? Mimi hufundisha kwamba mawasiliano hayakamiliki mpaka mpokeaji aelewe. Hilo lipo katika mada za mwanzo kabisa za kidato cha kwanza. Mwajiri aliyeweka maandishi yasiyosomeka na wafanyakazi wake hajatoa maelezo. Ametundika boksi. Nami naona kamati zinazopitisha fedha za jimbo, ambazo kwa haki kabisa hudai bango la mradi kabla ya malipo ya kwanza, zingeweza kudai na la pili: ubao mdogo penye ngazi, uliopakwa rangi isiyofutika, wenye picha, na neno moja moja la kila lugha inayosemwa pale. Nchelenge yangekuwa maneno mawili. Dar es Salaam huenda likatosha moja.

Kijana alilazwa, mguu ukafungwa plasta. Mfupa wa kisigino huchukua muda mrefu kuunga, na mara nyingi humwachia mtu kilema cha kutembea, ndivyo alivyoelezwa mjomba wake. Zambia ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 10 ya mwaka 1999, na Bodi ya Mfuko wa Fidia yenye makao yake makuu Ndola. Mwajiri hujisajili, huchangia, na mfanyakazi akiumia, mwajiri hutoa taarifa ya ajali. Mimi na shemeji tulikwenda kwa mkandarasi mara tatu. Mara ya kwanza alitupokea vizuri, akatupa kwacha mia mbili za matunda. Mara ya pili alisema jina la kijana halimo kwenye daftari la mahudhurio, kwa kuwa mtu huandikwa akimaliza wiki. Mara ya tatu tulikwenda na bashikulu, aliyevaa koti lake la kanisani. Alitoa mfukoni kidaftari chake mwenyewe, ambacho huandikia idadi ya makarai kila siku, na humo mlikuwa na jina la kijana mbele ya mistari midogo: kumi na tisa siku ya kwanza, saba siku ya pili.

Mkandarasi alikisoma kwa muda mrefu. Kisha akasema kidaftari kibaki kwake, akitoe nakala. Bashikulu akakirudisha mfukoni, akasema nakala atakwenda kuitoa yeye, na akaenda siku hiyo hiyo. Nilipoondoka Nchelenge katika wiki ya kwanza ya Januari, taarifa ya ajali ilikuwa imeshajazwa, ila haikuwa imetiwa saini. Mwezi Februari shemeji alinitumia ujumbe wa sauti: darasa limeezekwa, saini imepatikana, karatasi zimetumwa Ndola, na kijana ameomba atafutiwe mtu wa kumfundisha kusoma Kiingereza.